Hatuhitaji Mkalimani wa Kilio

Hoja yao naijua kwa moyo, maana husemwa karibu kwa maneno yale yale kanisani, kwenye basi la kwenda Likasi, na barazani pale mzee wa parseli anapokatishwa usingizi na televisheni ya wajukuu. Filamu za Kikorea, wanasema, ni sukari tupu: mvulana tajiri, msichana maskini, mvua, machozi, wimbo. Vijana wa mji wetu wa Kakanda wanazitazama usiku kucha, na asubuhi wanaimba nyimbo ambazo hawaelewi hata neno moja. Anayeimba asichokielewa ni kasuku. Anayewalilia watu wa Busan wakati jirani yake analala njaa amepotea. Na taifa la kasuku waliopotea, wanamalizia, halina utamaduni tena.

Wanaosema hivyo si wajinga. Wamo walimu wanaoona daftari zisizo na kazi ya nyumbani, wamo akina mama ambao umeme ukirudi usiku wa manane hawapati usingizi kwa kelele. Siwabezi. Lakini wamekosea, na kosa lao linaanzia kwenye yule kasuku.

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, mji ambao tangu 1966 tunauita Likasi. Akamkuta kijana mzaliwa wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada, na vidole hivyo viwili vikitoa sauti za watu watatu. Akamrekodi. Kibao kiitwacho "Masanga" kilizunguka dunia. David Rycroft alikaa akaichambua noti kwa noti kwenye jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza, alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga yetu ilivyoitwa enzi hizo, ili ajifunze upigaji huo kwa wenyewe, na mwaka 1982 akatoa kitabu cha safari yake. Wasikilizaji wengi wa Mwenda huko Ulaya na Marekani hawakujua Kiswahili. Je, tuliwaita kasuku? Tulijivuna. Mpaka leo tunajivuna, na ni haki yetu. Sasa iweje Mwingereza anayependa gitaa la Likasi bila Kiswahili aitwe mjuzi, na binti wa Kakanda anayependa kinanda cha Seoul bila Kikorea aitwe mpotevu?

Mtu atanijibu kwamba gitaa ni gitaa, ila maneno ni maneno. Basi tuongee maneno. Nairobi na Dar es Salaam zilicheza rumba ya Franco na Tabu Ley miaka na mikaka, na waliojua Kilingala walikuwa wachache mno. Mombasa, Juma Bhalo alijenga jina kwa kuimba taarabu juu ya tuni za filamu za Kihindi, na mashabiki wake waliokwenda sinema kuzisikia tuni hizo hawakuhitaji kamusi ya Kihindi mlangoni. Hapa kwetu, yule mzee anayewakemea wajukuu ndiye aliyecheza rumba ya Kinshasa zamani hizo Kilingala kikiwa kwake lugha ya askari tu. Alicheza, akaoa, akazaa. Hakupotea.

Na Wakorea wenyewe? Tamthilia ya Dae Jang Geum, iliyoonyeshwa na kituo cha MBC kuanzia 2003 kwa sehemu 54, ina wimbo wa "Onara" uliotungwa na Im Se-hyeon na kuimbwa na watoto. Wengi wetu tunaujua. Ukiusikia unaona tayari wapishi wa ikulu wakipita na masinia. Maneno yake yana ladha ya kale kiasi kwamba watazamaji wa Korea walibishana wao kwa wao yana maana gani, mpaka mtunzi akatoa ufafanuzi. Nchi nzima iliupenda wimbo kwanza, maana ikaja baadaye. Katika Oldboy ya Park Chan-wook (2003), meno yanapong'olewa kwa nyundo, tunasikia "Majira ya Baridi" ya Vivaldi. Katika Parasite ya Bong Joon-ho (2019), familia mbili za maskini zinaponyang'anyana simu na kugaragara sebuleni mwa tajiri, wimbo unaopigwa ni wa Gianni Morandi, Mwitaliano, wa mwaka 1964. Sijasikia mzee wa Seoul akilalamika kwamba Bong amekuwa kasuku wa Roma. Filamu hiyo ilichukua Palme d'Or huko Cannes, na mwezi Februari 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa Oscar ya filamu bora.

Shida ni kwamba wapinzani wetu wanaufikiria muziki wa filamu kama mapambo, kitu cha kupakwa juu ya hadithi baada ya hadithi kwisha kupikwa. Kama ungekuwa hivyo, kweli, anayeung'ang'ania angekuwa analamba sahani. Lakini mtazame Bong huyo huyo katika Mother, ya mwaka 2009. Filamu inaanza na mwanamke wa makamo, mwigizaji Kim Hye-ja, akitembea peke yake kwenye uwanda wa nyasi kavu. Anasimama. Muziki unaanza, naye anaanza kucheza, mikono ikipanda na kushuka, uso umekufa ganzi, kama mtu aliyeamriwa. Hakuna anayesema neno. Hatujui ni nani, hatujui amefanya nini. Unataka kucheka na huwezi. Filamu inakwenda karibu mpaka mwisho ndipo tunagundua ngoma ile ilichezwa lini: ameua mtu kumwokoa mwanawe, na ndiyo kwanza ametoka hapo. Halafu kwenye basi la akina mama wanaokwenda matembezini, anajichoma sindano ya tiba pajani, mahali anapoamini panasahaulisha, anainuka, na kuingia kati ya wenzake wanaocheza. Jua linapita madirishani, hatuoni tena nani ni nani.

Mtunzi wa muziki ule ni Lee Byung-woo, naye kabla ya yote ni mpiga gitaa. Mtu aliyekulia upande huu wa Katanga, ambako gitaa lilijifunza kusema kabla redio haijaenea, haambiwi la kufanya anaposikia nyuzi zikienda upande mmoja na moyo wa mchezaji ukienda upande mwingine. Ndilo jambo aliloliweza Mwenda: besi inatembea kwa furaha, sauti ya juu inahuzunika, na wewe unakaa katikati. Nimeona watu wakitazama mwanzo ule wa Mother kwenye simu iliyopasuka kioo, bila manukuu, na mama mmoja muuza mikate akasema papo hapo, "Huyu ana msiba." Alikuwa hajasikia hata neno moja. Wale waliokuwa wanasubiri maandishi ya Kifaransa chini ya skrini ndio waliochelewa.

Sisemi kwamba lugha haina kazi. Anayejua Kikorea anapata utani, anapata ngazi za heshima ambazo mtoto akizikosea mbele ya mkubwa ni vita. Ninachokataa ni kwamba asiyekijua hapati kitu. Katika Parasite familia ya Kim inapanga kumfukuzisha mtumishi wa zamani kwa kutumia vumbi la ganda la pichi, maana tunda hilo linamdhuru. Mtunzi Jung Jae-il ameweka juu ya njama hiyo nyuzi za mtindo wa makasri ya Ulaya, nadhifu, zenye adabu zote. Uchafu unaendeshwa kwa muziki wa mabwana. Ukiusikia tu umeshaelewa kwamba hawa watu wa chumba cha chini ya ardhi wanajifunza kuwa kama matajiri, na wanafaulu vizuri mno. Mwishoni, yule kijana aliyeigizwa na Choi Woo-shik anaimba mwenyewe wimbo wa kufunga, ambao maneno yake ameyaandika Bong. Wengi huzima kabla. Wanakosa.

Nije kwenye sukari. Avumaye baharini papa, kumbe wengine wapo. Ni kweli kwamba flashi nyingi zinazojazwa filamu madukani zimebeba mvulana tajiri na msichana maskini, kwa sababu ndiyo inayouzika. Lakini kuihukumu Korea kwa rafu moja ya duka la flashi ni kama kuihukumu Katanga kwa mlevi mmoja wa kituo cha basi. Kuna filamu ambazo ningependa kila mtu wa Kakanda aziwekewe kwa lazima, hasa wazee wanaozipinga, kwa sababu zinawahusu wao kuliko wajukuu wao.

Kuanzia mwaka 1963 hadi 1977 Korea Kusini, iliyokuwa maskini wa kutupwa, iliwapeleka karibu wanaume 8,000 kwenda kuchimba makaa ya mawe Ujerumani Magharibi. Wanawake nao walikwenda, zaidi ya 10,000, kuwa wauguzi. Ode to My Father, filamu ya mwaka 2014 iliyoongozwa na JK Youn, inamfuata mmoja wa wanaume hao, Deok-soo, mfanyabiashara wa soko la Gukje mjini Busan. Tunamwona akiteremka shimoni na kutoka mweusi, meno tu ndiyo meupe. Gesi inalipuka, anafukiwa, wakubwa wa mgodi wanasita kuwaruhusu waokoaji kwa sababu hatari haijaisha, na Wakorea wenzake wanashuka wenyewe kwa nguvu. Nani anayethubutu kuwaambia watu wa Kakanda kwamba hiyo haiwahusu? Mji huu umezaliwa na mgodi. Ulikula kwa mkono wa Gécamines ilipokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, na ukaona njaa pale uzalishaji uliposhuka chini ya tani 50,000 katika miaka ya 1990. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni hiyo walipewa kiinua mgongo na kuambiwa kwaheri kuanzia mwaka 2003. Tangu hapo vijana wanashuka kwenye mashimo yasiyo na nguzo, na mama anayesubiri juu hajui atamwona nani akitoka. Muziki wa filamu hiyo, tena, ni wa Lee Byung-woo, na kwenye shimo lile anaujua wakati wa kunyamaza.

Kisha kuna Likasi yenyewe. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa hapa hapa, walifukuzwa nyumbani. Wakakaa stesheni ya Likasi na katika majengo ya shule wakingoja garimoshi. Ndugu waligawanyika, ndoa zikakatwa katikati, watoto wakafia njiani. Hilo hatulisemi sana kwa sauti. Sasa mtazame Deok-soo mdogo kwenye bandari ya Hungnam, Desemba 1950, anapanda meli huku amembeba mdogo wake wa kike mgongoni, na anapofika juu mgongo ni mtupu. Baba anashuka kumtafuta binti, harudi tena. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mwaka 1983, televisheni ya KBS ikaanza kipindi cha kuwatafuta ndugu waliopotezwa na vita. Kipindi hicho ni cha kweli: kilidumu siku 138, saa 453 za matangazo, na familia zaidi ya 10,000 zikakutana. Watu walisimama nje ya jengo la kituo na mabango yenye majina, na wimbo wa Seol Un-do kuhusu miaka thelathini iliyopotea ukawa unasikika nchi nzima. Kwenye filamu, Deok-soo anampata dada yake kwa njia hiyo. Yuko Marekani, alilelewa huko, na Kikorea amekisahau.

Hapo ndipo hoja ya kasuku inapokufa kabisa. Kaka na dada, damu moja, wanatazamana kwenye skrini mbili na lugha hawana. Wanaitana, wanalia, mkalimani anahangaika na maneno yanayochelewa nyuma ya machozi. Kama kilio kingehitaji lugha ya pamoja, Wakorea wenyewe wasingeweza kulia hapo. Tulipoitazama pamoja, mzee mmoja mstaafu wa Gécamines, ambaye kwa kawaida huziita filamu hizi "mambo ya watoto", aliinuka wakati huo akasema anakwenda kuangalia kuku. Ilikuwa saa mbili usiku.

Na bado kuna tukio la bendera. Deok-soo na mkewe wanagombana hadharani, ugomvi wa kweli wa mke na mume, kwa sababu anataka kwenda kutafuta pesa kwenye vita vya Vietnam. Mara wimbo wa taifa unapigwa, bendera inashushwa. Wote wawili wanakatiza ugomvi, wanasimama wima, mkono kifuani, mke bado machozi yanamtiririka. Mkongomani gani anahitaji manukuu hapo? Sisi tunaosimamishwa barabarani bendera inapopanda na kushuka, sisi ambao wazazi wetu waliimba na kucheza kwa amri enzi za Mobutu, tulicheka kabla sentensi haijaisha, na kicheko kilikuwa na uchungu ndani yake. Huko Korea tukio hilo lilizua mabishano makubwa, wengine wakiliona la kizalendo, wengine la kejeli. Sisi tuliliona la kila siku.

Wanaosema Korea iko mbali nao wangetazama pia The Battleship Island ya Ryoo Seung-wan, ya mwaka 2017: kiongozi wa bendi na binti yake mdogo wanachukuliwa pamoja na Wakorea wengine kwenda kisiwa cha Hashima, ambako wanaume wanachimba makaa chini ya bahari kwa ajili ya vita vya Wajapani. Bendi yao inawasaidia kubaki hai. Filamu inaishia kwenye wingu la bomu juu ya Nagasaki. Uranium ya Shinkolobwe, mgodi ulio jirani na Likasi, ilikuwa sehemu kubwa ya malighafi ya mradi uliotengeneza mabomu yale ya Agosti 1945, na kati ya waliokufa na kuungua Hiroshima na Nagasaki walikuwemo maelfu kwa maelfu ya Wakorea. Wilaya ya Hapcheon mpaka leo huitwa Hiroshima ya Korea kwa wingi wa manusura wake. Udongo wetu ulifika kwao kabla filamu zao hazijafika kwetu. (Wengine hupenda kusema kobalti yetu imo ndani ya simu tunazotazamia filamu hizi, basi tuna hisa. Ni kweli kobalti imo, lakini hoja hiyo sijawahi kuipenda: mtu hahitaji hisa ili apende wimbo.)

Ninachokichukia zaidi katika msimamo wa wapinzani ni chimbuko lake. Wazo la kwamba mtazamaji wa hapa ni dhaifu, kwamba picha ikimpita machoni inamharibu, kwamba lazima mtu mwenye busara zaidi amchagulie, hatukulitunga sisi. Serikali ya Ubelgiji iliweka udhibiti ili Mwafrika asione filamu ila zile zilizopitishwa kwa ajili yake. Mwaka 1952 L. Van Bever, aliyesimamia idara ya filamu ya serikali ya koloni, alichapisha kitabu kizima kuhusu sinema ya kuwafaa Waafrika: iwe nyepesi, iende polepole, isiwachanganye. Mwafrika, waliamini, hawezi kufuata mambo mawili kwa pamoja. Wakati huo huo, Jadotville, Mwenda Jean Bosco alikuwa anapiga mambo matatu kwa pamoja kwa vidole viwili. Leo ninapomsikia mtu mzima akisema binti wa Kakanda hawezi kutazama mapenzi ya Seoul bila kupoteza akili, naisikia sauti ya ofisi ile, safari hii katika Kiswahili safi.

Na utamaduni unaosemwa kwamba unaliwa, ni upi? Kiswahili chetu kilikuja na misafara, na akina Msiri waliotoka Unyamwezi wakajenga Bunkeya, kisha kikakomazwa kwenye kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière na watu waliotoka pande kumi. Gitaa letu lilikuja kwa meli. Suruali ya mzee anayelalamika ilikuja kwa marobota. Katanga haijawahi kuwa chungu kilichofunikwa, na kila kilichoingia kikapikwa kikawa chake.

Yapo nisiyoyatetea. Tamthilia nyingi zinamfundisha mvulana kwamba kumkamata msichana kifundo cha mkono na kumburuta ni dalili ya mapenzi, na nimeona wavulana wetu wakilijaribu. Zipo zinazoiabudu ngozi nyeupe, mahali ambapo krimu za kujichubua zinauzwa mpaka kando ya nyanya. Zipo zenye wimbo mmoja wa kubembeleza unaorudi kila sehemu, mara kumi, mara ishirini, mpaka mtunzi anaonekana amelala kazini. Jumong, ya mwaka 2006, ina sehemu 81, na kwa maoni yangu 30 hivi zingetosha. Hata Ode to My Father ina doa: inapita kimya kimya juu ya udikteta wa Park Chung-hee, kana kwamba wachimbaji wale waliondoka kwenye nchi isiyo na polisi, na wakosoaji wa Korea wenyewe walilisema. Haya ndiyo mabishano tunayopaswa kuwa nayo. Lakini huwezi kubishana hivyo na mtu ambaye hajatazama, na wengi wa wapinzani wetu hawajatazama; wamesikia tu kupitia ukutani.

Kuna jambo jingine linaloniuma, nalo linawahusu wapenzi wa filamu hizi kuliko maadui wao. Nakala nyingi zinazotufikia zimewekewa sauti za Kifaransa, na nyingine sauti moja tu, mtu mmoja akimsemea bibi, mtoto na jambazi kwa pumzi ile ile. Kila anapofungua mdomo, muziki unashushwa. Kile kitu pekee ambacho hakikuhitaji tafsiri ndicho kinachozimwa kwanza.

Msinielewe vibaya, sipingi msimulizi. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, Kampala ina VJ Jingo na wenzake, Kenya ina DJ Afro, na ni wasanii wa kweli. Korea yenyewe ilikuwa nao: enzi za filamu bubu alikuwepo byeonsa, mtu aliyesimama kando ya skrini akisimulia na kuigiza sauti zote. Mwaka 1926, nchi ikiwa chini ya Japani, Na Woon-gyu alitoa filamu ya Arirang, na byeonsa walikuwa na uwezo wa kuongeza makali au kuyapunguza kulingana na polisi waliokuwa ukumbini. Nakala za filamu hiyo zimepotea, hakuna aliye hai leo anayeweza kuitazama. Wimbo wake haukupotea. Unaimbwa kusini na kaskazini, ng'ambo zote mbili za mpaka uliozungushiwa mabomu ya ardhini, na UNESCO imeuandikisha kwenye urithi wa utamaduni usioshikika, mwaka 2012 kwa Kusini na 2014 kwa Kaskazini. Nadhani yule byeonsa alijua afunge mdomo saa ngapi. Watu wetu wa sauti nao wajifunze, na vijana wanaojaza flashi waanze kuuliza wateja kama wanataka nakala ya sauti ya asili, maana zipo na bei ni ile ile.

Anayetaka kuendelea na ugomvi huu, namkaribisha. Aje akiwa ameitazama Ode to My Father kwa sauti yake yenyewe, hadi mwisho, bila mtu wa kumsemea. Akiona bado ni sukari, tutaanza upya, na safari hii nitamwekea Sopyonje ya Im Kwon-taek, ya mwaka 1993, ambamo mwimbaji wa pansori anampofusha binti aliyemlea ili sauti yake ikomae. Halafu anionyeshe sukari iko wapi.